Mwongozo kamili wa redio kati ya rubani na mwongoza ndege: usikie kilichosemwa, sio ulichotegemea

Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747, Flying Tiger 66, ilikuwa inashuka kwenda kutua Kuala Lumpur. Mwongoza ndege akasema "descend two four zero zero", yaani shukeni mpaka futi 2,400. Rubani akajibu "okay, four zero zero". Umeona hapo? Ile "two" ya mwanzo imegeuka kuwa "to", kwa hiyo agizo lililofika kichwani mwa rubani ni "shuka mpaka futi 400", na aliyetoa agizo akalisikia lile jibu lakini hakulishtukia. Ndege ikagonga kilima na watu wote 4 waliokuwemo wakafa.

Hakuna aliyesema hajasikia. Kila mmoja alisikia na akaridhika na alichosikia, na hili ndo jambo ambalo nataka ulibebe mwanzo mpaka mwisho wa mwongozo huu, maana watu wengi wakifikiria matatizo ya redio wanafikiria makelele na mikwaruzo, sauti haifiki, hedseti mbovu. Hizo zipo lakini zinajitangaza zenyewe, ukisikia mkwaruzo unajua kabisa hujasikia na unaomba urudiwe. Hatari kubwa ni pale sauti imefika safi afu kichwa kikajaza kile kilichokuwa kinakitegemea. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kujipima kama ulichosikia ndo kilichosemwa. Nimeandika zaidi kwa mwanafunzi wa urubani, ila mwongoza ndege naye ana sehemu yake na nitaifikia.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla hujabonyeza

Ukihamia masafa mapya usikimbilie kubonyeza kitufe. Hakikisha kwanza namba ya masafa ndo ile uliyopewa, sauti umeifungulia ya kutosha, afu tulia sekunde chache usikilize nani anaongea na nani. Mtu akiwa ameulizwa swali mwache ajibu, hata kama kwenye masafa kumenyamaza, maana hapo katikati ya swali na jibu ndo wengi wanapoingilia.

Hii sio adabu tu. Redio za ndege za VHF (masafa ya juu sana) zinatumia AM, njia ya kubeba sauti kwa kubadilisha nguvu ya wimbi, na watu wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja wanaosikiliza wanapata mluzi mkali badala ya maneno. Na wewe uliyebonyeza hujui chochote kwa sababu ukiwa unaongea husikii wengine.

Mluzi wa aina hiyo ulisikika Tenerife tarehe 27 Machi 1977. Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, zilikuwa kwenye ranwei moja, yaani njia ya kurukia na kutua, ndani ya ukungu, hazionani, na mnara wa waongoza ndege nao haukuziona. KLM walikuwa wamepewa maelezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, na ndani ya maelezo hayo neno "take-off" lilikuwemo, ila ruhusa yenyewe ya kuruka haikuwemo. Wakajibu na kumalizia kwa "we are now at take-off", sentensi ambayo mpaka leo ukiisoma unajiuliza, wapo sehemu ya kurukia au wameshaanza kuruka? Mnara ukasema "OK", ukanyamaza kidogo, afu ukaongeza kwamba wasubiri wataitwa. Wakati huohuo Pan Am nao wakabonyeza kusema bado wapo kwenye ranwei. Kwenye chumba cha marubani wa KLM ikasikika ile "OK", afu mluzi. Watu 583 wakafa. Sentensi mbili ambazo kila moja ingeweza kuwaokoa zilifutana zenyewe.

Sasa wewe chukua mambo mawili hapo. Ukisikia mluzi, chukulia kuna kitu muhimu hujakisikia, omba kirudiwe, au kama walioongea ni wengine sema "blocked" wajue kuwa wamegongana. Na neno "take-off" siku hizi halitumiki ovyo redioni, linatamkwa pale tu unapopewa ruhusa yenyewe ya kuruka au inapofutwa. Kabla ya hapo unasema "ready for departure", tayari kuondoka. Ukimsikia mwanafunzi mwenzako anasema "ready for take-off" mrekebishe siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Panga maneno kichwani, afu ongea taratibu

Kuna mpangilio ambao haujawahi kumwangusha mtu: unayemwita, wewe ni nani, upo wapi, unataka nini. Ukiwa mgeni andika kwenye karatasi ya gotini kabla hujabonyeza, hamna aibu, na utaona mwenyewe zile "aaah" na "mmh" zinapungua.

Bonyeza, subiri kidogo sana kama nusu ya pumzi, ndo uanze. Wengi wanaanza kuongea huku kidole bado kinashuka, na kinachokatika huwa ni mwanzo wa jina la ndege, matokeo yake mnara unasikia namba za mwisho tu na hapo ndo ndege inachanganywa na nyingine. Mwishoni pia usiachie kitufe kabla neno halijaisha.

Kasi ya kuongea, mwongozo wa kimataifa unasema isizidi maneno 100 kwa dakika, na kwenye namba unaweka kituo kidogo kabla na baada. Ukijipima utashangaa jinsi ilivyo taratibu. Uwanja ukiwa na ndege nyingi kila mtu anaongeza kasi akidhani anaokoa muda, afu mazungumzo mengi yanakuwa ni "say again", yaani rudia, na muda wote aliouokoa unarudi ulikotoka. Mwongoza ndege akiongea mbio mno mwambie "speak slower", ni maneno rasmi kabisa na hamna anayeruhusiwa kukukasirikia kwa hilo.

Namba zina matamshi yake: 3 ni "tree", 4 ni "fower", 5 ni "fife", 9 ni "niner", elfu ni "tousand". Mtu wa nje anaweza kudhani ni madoido, lakini jaribu kusema "five" na "nine" kwenye redio yenye mkwaruzo uone zinavyofanana, kinachobaki masikioni ni ile sauti ya katikati tu. Na kimo usikiache kining'inie peke yake, tanguliza "altitude" (kimo kwa futi) au "flight level" (kimo kwa mamia ya futi) ndo useme namba. Mtu akisema "descend altitude two thousand four hundred feet" ile "two" haina nafasi ya kugeuka kuwa "to".

Maneno ambayo watu wanayatumia vibaya kila siku, haya nayasema haraka ila yashike. "Roger" maana yake nimepokea yote uliyosema, basi, haimaanishi ndiyo na haimaanishi nitafanya. Anayesema atafanya anasema "wilco". Ndiyo ni "affirm", hapana ni "negative". "Standby" maana yake subiri nitakuita, sio ruhusa na sio kukataliwa, kwa hiyo ukiambiwa standby baki ulivyo. Ukikosea katikati sema "correction" afu sema iliyo sahihi. Na kuna "unable", siwezi, neno ambalo wanafunzi wanaliogopa kupita kiasi. Agizo likikupeleka kwenye wingu ambalo huruhusiwi kuingia, au spidi ambayo ndege yako haiifikii, sema unable na sababu kwa maneno mawili. Mwongoza ndege haoni dirisha lako, asipoambiwa atajuaje?

Hatua ya 3: Kurudia agizo

Hapa nitakaa kidogo. Vitu vya kurudia neno kwa neno ni ruhusa ya njia ya safari, kila kitu kinachohusu ranwei kuanzia kuingia, kuvuka, kusubiri nje yake, kuruka, kutua mpaka kurudi nyuma juu yake, ranwei inayotumika, namba ya presha ya altimita (kipima kimo kinachofuata presha ya hewa), namba ya transponda (chombo kinachoitambulisha ndege kwa rada), kimo, uelekeo na spidi. Unamalizia na jina la ndege yako. Ukijibu "roger" tu kwenye kimo umemnyima mwenzako nafasi ya kukukamata ukiwa umekosea, na kurudia kuliwekwa kwa ajili hiyo hasa.

Lakini kurudia peke yake hakutoshi kama sikio limeshadanganywa. Nikiwa mwanafunzi kulikuwa na njia ambayo tulikuwa tunaitumia karibu kila siku na kila siku tulikuwa tunapewa futi 6,000. Siku hiyo mwongoza ndege akaanza kusema, na mimi kalamu ikawa imeshaandika 6 kabla hajafika kwenye namba. Alisema 5,000. Nilirudia 6,000 kwa sauti safi kabisa, bila kusita, kwa sababu nilikuwa nasoma karatasi yangu. Akanirudia mara moja: "negative, altitude fife tousand feet". Kulikuwa na ndege nyingine kwenye 6,000 mbele yetu. Mwalimu wangu hakunigombeza, alichukua kalamu akakata ile 6, akaandika 5, afu akaniambia kuanzia leo kalamu iguse karatasi ukishasikia namba na sio kabla.

Ndo nakwambia na wewe. Andika ulichosikia baada ya kukisikia, rudia kutoka kwenye ulichoandika, weka namba kwenye ndege, afu mwangalie mwenzako kama mpo wawili naye akubali kwa mdomo kwamba ndo alichosikia. Mmoja akisema "nadhani alisema" basi hamjasikia, ulizeni. Wawili mkitofautiana msipige kura humo ndani, mwenye jibu yupo upande wa pili wa redio na ni sekunde tano tu.

Na ukisharudia, kimya cha mnara usikichukue kama uthibitisho. Flying Tiger nao walipata kimya. Namba ikikutia shaka uliza kwa "confirm", tena ukitaja kinachokutatiza. "Confirm cleared altitude four hundred feet?" inamshtua msikilizaji kuliko kurudia ileile kwa sauti ileile.

Hatua ya 4: Upande wa mwongoza ndege

Kosa la kawaida huku ni kusikiliza jibu huku macho na mawazo yameshahamia kwa ndege inayofuata. Jibu linasikilizwa kwa kulilinganisha na ulichosema, namba kwa namba, na likiwa na kosa unalirekebisha hapohapo kwa "negative" na agizo sahihi. Usimpe rubani mambo matano kwa pumzi moja, uelekeo na kimo na spidi na presha na masafa mapya, mengine yatamwagika tu. Gawanya mara mbili.

Ila kuna kosa ambalo kurudia hakulikamati, nalo ni pale aliyetoa namba ndo aliyekosea. Mei 2022 Airbus A320 ilikuwa inashuka kutua uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, kwenye mvua. Presha sahihi ya hewa ya kuweka kwenye altimita ilikuwa hektopaskali 1001, mwongoza ndege akasema 1011. Marubani wakarudia 1011 kama walivyosikia, kurudia kukawa sahihi, namba ikabaki ya uongo. Tofauti ya hektopaskali 10 ni kama futi 280, kwa hiyo altimita ikawaambia wapo juu kuliko walipo. Waliamua kupaa tena kwa sababu hawakuiona ranwei, na uchunguzi ukaonyesha walishuka mpaka futi kama 6 kutoka ardhini kabla hata ya kufika kwenye ranwei. Futi 6, urefu wa mtu mzima.

Kwa hiyo rubani, namba ya presha unayopewa ilinganishe na ya kwenye taarifa ya uwanja iliyorekodiwa uliyoisikiliza mwanzo. Zikipishana kwa zaidi ya moja au mbili, uliza.

Hatua ya 5: Majina yanayofanana

Ndege inayoishia na 215 na nyingine ya kampuni hiyohiyo inayoishia na 251 zikiwa kwenye masafa mamoja, siku hiyo kila mtu awe macho. Tumia jina kamili kila mara, usifupishe mpaka mwongoza ndege aanze yeye. Ukisikia jina linalofanana na lako mwambie mnara mapema, na mwongoza ndege anaweza kuibadilishia mojawapo jina kwa muda. Ukisikia agizo na huna uhakika kama ni lako, usilifuate na usilinyamazie, uliza kama ni la kwako, maana ukilinyamazia inawezekana kweli lilikuwa lako, na ukilifuata inawezekana mwenzako naye amelifuata.

Hatua ya 6: Ardhini usijiachie

Watu wakiwa chini wanalegea, wanaona safari haijaanza. Tarehe 2 Januari 2024 kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa iende mpaka sehemu ya kusubiri C5 na kwamba ni "number one", yaani wa kwanza kwenye foleni. Marubani wakarudia sawasawa. Lakini nahodha akawa ameelewa kwamba ameruhusiwa kuingia kwenye ranwei, akaingia, na Airbus A350 ya Japan Airlines iliyokuwa inatua ikamgonga. Watu 379 wa A350 wote walitoka wakiwa hai, kwenye ile ndogo wakafa 5 kati ya 6.

Maneno yalirudiwa sahihi, maana ndo iliyokwenda tofauti, na mimi naona hili ni gumu kuliko yote kwa sababu hakuna mtu nje ya kile chumba angeweza kulisikia. Ninachofanya ni hiki: kabla gurudumu halijavuka mstari wa kusubiri, nasimama, nasema kwa sauti ruhusa niliyopewa ni ipi, "line up" (ingia ujipange), "cross" (vuka) au "cleared for take-off" (ruhusa ya kuruka). Kama hakuna hata moja kati ya hayo niliyoisikia kwa masikio yangu basi sina ruhusa, hata kama mbele pako wazi na nimeambiwa ni wa kwanza. Afu naangalia kulia na kushoto, na taa nyekundu za kuzuia zikiwa zinawaka sivuki hata nikiambiwa vuka, nauliza kwanza.

Na ukipotea ardhini, simama na sema umepotea. Milano Linate, tarehe 8 Oktoba 2001, ndege ndogo ilishika njia isiyo yake kwenye ukungu, rubani akataja alama aliyoiona chini, "S4", alama ambayo mwongoza ndege hakuijua, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba yuko mahali sahihi. Ikaishia kwenye ranwei mbele ya ndege iliyokuwa inaruka na watu 118 wakafa. Mtu akikutajia mahali usipopajua, usiendelee mpaka upajue.

Hatua ya 7: Ukiwa na dharura, iite kwa jina lake

Avianca 52, tarehe 25 Januari 1990, ilizungushwa angani muda mrefu kabla ya kutua New York. Waliomba kipaumbele, walisema mafuta yanaisha, lakini neno la dharura hawakulitamka, na kwa waongoza ndege waliokuwa na foleni ndefu siku ile maneno yale hayakuwa na uzito wa kusimamisha kila kitu. Mafuta yakaisha kweli, Boeing 707 ikaanguka Long Island, watu 73 kati ya 158 wakafa.

Dharura ni "Mayday" mara tatu. Jambo la haraka ambalo halijafika kwenye hatari ya mara moja ni "Pan Pan" mara tatu. Kwa mafuta kuna ngazi mbili: "minimum fuel" maana yake nimeshafunga hesabu ya kutua uwanja huu na nikicheleweshwa zaidi nitaanza kula akiba ya mwisho, ni taarifa tu na haikupi kipaumbele. Ukishaona kabisa utatua na chini ya akiba hiyo, ni "Mayday fuel". Usizunguke kwa maneno ya upole, hapo heshima hailipi.

Nje ya misemo rasmi kuna Kiingereza cha kawaida, nacho kinahitajika siku mambo yanapoharibika. Ndo maana kuna vipimo vya lugha vya ngazi 1 mpaka 6, na kwa safari za kimataifa unatakiwa ngazi ya 4 au zaidi. Cali, Kolombia, Desemba 1995, mwongoza ndege alihisi maombi ya marubani wa Boeing 757 hayaendani na mahali walipo, ila Kiingereza chake cha nje ya misemo ya kila siku hakikumtosha kuwahoji. Watu 159 walikufa kwenye mlima. Kwa hiyo usiishie kukariri misemo, jizoeze pia kuuliza swali la kawaida kama "sijaelewa kwa nini unataka hivyo, upo wapi sasa".

Hatua ya 8: Redio ikikata

Anza na vitu vidogo: sauti, waya wa hedseti, kitufe cha kuchagua redio, redio ya pili. Rudi kwenye masafa ya mwanzo, afu 121.5, masafa ya dharura. Ikishindikana weka 7600, namba ya redio iliyokata, kwenye transponda, endelea kusikiliza maana pengine unawasikia ila wao hawakusikii, na ukiwa karibu na uwanja tazama taa za mnara. Ukiwa angani, kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyokatika ni wapishe wengine uendelee kuzunguka, nyekundu ya kuwaka na kuzima ni uwanja sio salama usitue. Na kama masafa yamenyamaza ghafla kuliko kawaida, tazama kitaa cha kurusha kwenye redio yako, huenda kitufe chako kimenasa na wewe ndo umewafunga mdomo wote.

Zoezi la nyumbani

Tafuta mwenzako, akae nyuma yako usimwone mdomo. Akusomee agizo lenye uelekeo, kimo na presha, wewe uandike na urudie. Baada ya kumi hivi mbadilishane, na sasa anayerudia akosee kwa makusudi namba moja pale anapotaka, 5 iwe 9, 1001 iwe 1011, na msomaji amkamate. Awamu ya kwanza zinapita kadhaa bila kukamatwa. Fanyeni tena mkiwa mmechoka, jioni, feni ikipiga kelele, na kila iliyopita iandikeni ni namba gani ilipita na mlikuwa mnategemea kusikia nini.